Kijani cha Kumpokea Mgeni

Veneranda alikuwa amekwisha kuchovya marekani, kitambaa cheupe cha pamba, kwenye maji ya manjano, akaikamua, na sasa aliizamisha kwenye pipa la nili, rangi ya buluu, ili itoke kijani. Ndivyo kijani kinavyopatikana. Hakina pipa lake. Mwenyekiti Gervasi alitaka skafu za vijana watakaompokea mgeni kutoka mkoani, na kijiji kipya cha Ujamaa hakikuwa na mtia rangi mwingine.

Asubuhi Veneranda alikuwa amemwomba ruhusa aende ufukweni, kwenye kijiji chao cha zamani, kumwangalia mama yake. Siku ya kuhamishwa, mgambo waliwapakia watu kwenye lori, na mama huyo, Bibi Melania, mwenye miguu mibovu, akaachwa ndani ya nyumba iliyokwisha kuezuliwa paa. Walisema lori litarudi. Mvua zilikuwa zimeshaanza.

"Kwanza kitambaa," Gervasi alijibu. "Mgeni akikuta vijana shingo tupu, nitauficha wapi uso wangu?"

Veneranda alipoivuta marekani kutoka kwenye nili, haikuwa kijani yote. Katikati alikuwa amekaa mama yake, kwa buluu iliyokolea, amejikunyata kando ya ukuta.

"Mwakeye, mwana wanje," mama alimsalimu kwa Kiha. "Huku kunanyesha."

"Naona, mama," alijibu Veneranda.

Jirani yake Rozalia, aliyekuja kuazima kinu, alimwamkia bibi shikamoo, kisha akashika ncha ya pili wakamue.

"Polepole," alisema Rozalia. "Mtu mzima huyu."

Shida ilikuwa moja. Rangi isiyotiwa chumvi hutoka kwa maji ya kwanza, na mama angetoka nayo. Ikitiwa chumvi ya Uvinza, haitoki mpaka uzi uchakae. Heri nusu shari kuliko shari kamili: Veneranda alitia chumvi. Akakipitisha kitambaa kwenye uji wa muhogo kikakamae, akakianika kivulini. Kukitwanga kwa mchi ili king'ae, kama ilivyo desturi, hakuthubutu.

Gervasi alikuja na mkasi. Alilalamika kwamba buluu imezidi, akakata.

Mgeni alipofika, mama alikuwa kwenye shingo za vijana. Huyu alipata goti, yule bega, na kikohozi kilisikika mstari wa nyuma. Mgeni alisema wananchi wamehama kwa hiari yao. Watu wakapiga makofi, Veneranda naye akapiga.

Jioni alimfuata mwenyekiti, akapiga magoti.

"Kazi yako nimeimaliza, mwenyekiti. Niruhusu nikamchukue mama. Hata kama ni kumzika."

"Ukamchukue wapi?" Gervasi aliuliza, bila ubaya wowote. "Si wote tumemwona uwanjani leo? Mama yako keshahamia."

Akamtakia usiku mwema, akaingia ndani kula.