Uji wa Gerishon

Lorraine alifungua thamosi, akainusa, kisha akamsogezea Wangeci.

"Ni uji wa kuchacha," Wangeci akajitetea. "Kwetu mgonjwa hupewa hiyo. Lazima inuke kidogo."

"Mama Diana, hata kwetu tunachachua. Hii si uji wa kuchacha. Hii ni chang'aa."

Wangeci akacheka, maana la kufanya lingine hakuliona. Uji ule aliuchachua mwenyewe, akaupika kabla ya kukamua ng'ombe, akaubeba kutoka nyumbani Kapseret mpaka wodini akiwa ameukumbatia kama mtoto mchanga. Pombe kali namna hiyo ingeingilia wapi?

Kisha kicheko kikamkauka. Kila asubuhi thamosi ilipita mikono miwili tu, yake na ya mama mkwe wake, Wamucii, ambaye ndiye aliyeshinda na mgonjwa wakati yeye akikimbilia ng'ombe.

Mumewe, Gerishon, aliletwa na paja lililovunjika baada ya kuanguka mtaroni akiwa amelewa chakari. Lorraine, mshauri wa wodi, alipomuuliza kuhusu pombe na sigara, hakuficha. Alisema hunywa kila siku na amechoka, anataka kuacha. Wangeci alilia kwa furaha mbele za watu, bila aibu. Gerishon akaanzishiwa dawa ya kutuliza mtetemeko, na Lorraine akawaonya wote watatu kwamba dawa hiyo haipatani na pombe; zikikutana, mtu hulala akasahau kupumua.

Asubuhi hiyo, baada ya uji, nesi alimwamsha Gerishon, hakuamka. Wakamkimbilia na oksijeni. Upasuaji wa mguu ukaahirishwa.

"Alikuwa anatetemeka," Wamucii alisema, macho yakiwa sakafuni. "Ilikuwa kidogo tu. Mimi ndiye nilimzaa."

"Na mimi ndiye nilipika, Mami."

Gerishon alipozinduka, Wangeci aliinama kitandani. "Ulijua?"

Mumewe akageukia ukuta. "Nilikuwa nikuambie."

"Lini?"

"Wangeci, usiniaibishe mbele ya watu."

Hapo ndipo moyo ulipomchoma. Chang'aa yenyewe alikuwa ameizoea, miaka yote ya ndoa waliishi nayo kama mpangaji mkorofi. Kilichomuumiza ni kwamba kila alipokuja kuichukua thamosi, Gerishon alilamba midomo, akamshika mkono na kumwambia, "Uji wako ndio unaniponya." Naye alirudi nyumbani akitembea kama bibi harusi! Angekosewa kwa mwanamke mwingine, angalau angejua mlango wa kwenda kubisha. Sasa agombane na nani, na sufuria?

"Dawa tumesimamisha mpaka pombe itoke," Lorraine aliwaambia wanawake wale wawili mlangoni. "Atatetemeka, atalia, atawaita. Nesi ako na yeye. Nyinyi msimpe kitu. Hata mkimuonea huruma. Akirudia, hatuwezi kuwa na uhakika ataamka tena."

Wakaenda kukaa nyasini nyuma ya wodi, mahali ndugu wa wagonjwa huanika nguo. Wangeci aliketi mbali kidogo na mama mkwe wake, akang'oa nyasi moja moja.

"Maitu!" Sauti ya Gerishon ilitoka dirishani, ikimwita mamake kwa Kikuyu. "Maitu, nakufa!"

Wamucii akainuka, mkono tayari umo ndani ya mfuko wa sweta, umeshika kichupa. Tangu aolewe, Wangeci hakuwahi kumgusa mama huyu ila kwa kumsalimu. Akajisogeza, akamkamata kifundo cha mkono, akakaza.

"Kaa, Mami."

Wamucii akamtazama, kisha akakaa. Mkono ukatoka mfukoni mtupu. Ndani, Gerishon aliita tena na tena, kisha akanyamaza.

"Wangeci!" safari hii. Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyeachwa njiani. "Wangeci, njoo tu, Mama Diana!"

Wangeci alikuwa ameshainuka kabla hajajua. Ndipo akasikia vidole vikavu vya Wamucii vikimshika mkono, vikimvuta chini polepole.