Aliyebaki Juu ya Kisima

Kama kuna jambo Mwanabibi alikuwa na hakika nalo hapa duniani, ni kwamba Changawa alimwacha mumewe, Abubakar, afe. Abubakar na Changawa walikuwa wakifanya kazi pamoja kwenye mtambo wa majitaka huku Kisauni. Siku hiyo kibarua mmoja alianguka ndani ya kisima cha pampu. Abubakar akashuka kumtoa, gesi ikamlaza naye, na Changawa akabaki juu akipiga kelele. Zilitolewa maiti mbili. Changawa alirudi kwake mzima, nguo safi, na hilo la nguo safi ndilo lililomkaa mjane rohoni kuliko yote.

Kampuni, sijui kwa huruma au kwa kuona haya, ilimpa Mwanabibi kazi ya kufagia pale pale mtamboni, akaacha kuuza nazi sokoni Kongowea. Si mtu wa kukaa na ufagio tu yule. Akajifunza kupima maji, akajifunza kuwasha pampu. Changawa humsalimu kila asubuhi, naye hupita kana kwamba hakusikia kitu.

Kisha ikaja amri: asiye na cheti asiguse pampu wala vali, na atakayefeli mtihani atafute kazi kwengine. Mwanabibi ana watoto wa kulisha. Alisoma mpaka macho yakamuwasha, na ule mtihani wa kuandika akaupita vizuri.

Ukabaki wa vitendo. Mtahini, Bi Philister, mwanamke wa bara asiyecheka ovyo, aliwapanga wawili wawili kwenye kisima kikavu kilichokwisha pimwa hewa. Mmoja ashuke ajilaze kama aliyezidiwa na gesi, mwengine abaki juu aonyeshe la kufanya.

"Mwanabibi!"

"Abee."

"Wewe juu. Changawa, chini."

Wenzao wakatazamana. Bi Philister ni mgeni, angejuaje? Jawabu Mwanabibi alikuwa nalo: mwenzio akianguka humo, usimfuate. Piga filimbi, ita wenye vifaa vya kupumulia, washa feni ya hewa, ngoja. Ukishuka, mtahini hukwambia umekufa, na cheti huna. Tena, kusema kweli, alifurahi. Leo na alale humo yeye, aone utamu wake.

Changawa akashuka, na kama alivyoagizwa akaita mara moja, "Shemeji, nivute!" Kisha akaanguka kifudifudi, kimya.

Mwanabibi akapiga filimbi, akaita msaada, akawasha feni. Yote sawasawa. Lililobaki ni kungoja tu, na hapo ndipo mwili ulipomkatalia. Mtu yule alikuwa amelalia mkono wake vibaya, na kisogo chake chote kimejaa mvi. Mwanabibi alijua ni maigizo, alijua hewa ni safi, na bado alipoangalia, mguu wake mmoja ulikuwa umeshakanyaga ngazi. Hakukumbuka kuuweka pale. Ikamjia jinsi Abubakar alivyoshuka, na kwa mara ya kwanza akamkasirikia marehemu. Si angengoja kidogo tu? Akaurudisha mguu, akashikilia chuma cha ukingo kwa mikono miwili, akasimama hivyo mpaka waokoaji wakafika.

"Umefaulu," akasema Bi Philister. "Wengi hushuka."

Watu wakapiga makofi. Changawa akapanda, akajipangusa vumbi. Mwanabibi alikuwa analia waziwazi mbele za watu, na cheti hakimo kabisa katika kilio kile.

"Changawa," aliita. Tangu maziko hakuwahi kulitamka jina hilo mbele ya mwenyewe. "Siku ile, uliwezaje kusimama?"

Changawa akavua kofia yake ya kazi, akaiweka chini.

"Sikuweza, shemeji. Nalikuwa nishaanza kushuka. Abubakar akaniona, keshaishiwa na nguvu, akaniinulia mkono. Akanambia, 'Rudi, Changawa.' Wallahi, hakusema jingine."

Neno la mwisho la mumewe lilikuwa hapa hapa mtamboni, likipishana naye langoni miaka yote hii.

"Mbona hukunambia?"

Changawa akainama, akaokota kofia yake chini.

"Ningekwambia saa ngapi, shemeji?" akasema, taratibu, wala hakuwa na hasira.