Mlangoni pa Handaki

Mama mkwe alinikamata nywele kwa nyuma, akanivuta hatua mbili, nami nikaanguka kwa magoti juu ya maganda ya zabibu. Mbele yangu mlango wa handaki la kuhifadhia divai chini ya ardhi ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa kimya, na Lőrinc, mume wangu wa miezi minne, alikuwa humo.

"Huingii," alisema.

"Mume wangu yumo!"

"Na mwanangu yumo. Huingii."

Ilikuwa Oktoba, saa sita mchana. Mavuno yalikuwa yameisha siku tatu nyuma. Vidole vyangu bado vilikuwa vyeusi kwa maji ya zabibu, na mgongo uliniuma hata nilipocheka. Mama mkwe, niliyemwita Mama Vilma kwa jina lake, alikuwa amepika maharage kwa mguu wa nguruwe wa kukaushwa, akatandika meza nje, chini ya mti wa jozi uliokuwa ukitupukutishia majani kwenye sahani. Handakini, ndani ya mapipa, maji ya zabibu yalikuwa yameanza kuchacha. Ukitega sikio mlangoni uliyasikia yakitokota bila moto. Pale kwetu hata mtoto anajua kwamba divai changa hutoa hewa nzito, inatanda chini sakafuni, na mtu akiivuta haamki. Ndiyo maana huingii bila mshumaa, na mshumaa unaushika usawa wa magoti. Ukizimika, unageuka unatoka.

Lőrinc alikuwa anakwenda kuchota jagi moja tu la divai ya chakula cha mchana. Mama yake alimnyooshea mshumaa.

"Mama, nakwenda kuchota divai, siendi misa."

"Chukua, nimesema."

"Yale mapipa yananijua kwa jina!" Akanikonyeza, akauacha mshumaa mezani, akaondoka akipiga mbinja.

Nilicheka. Nina miaka sitini na nane sasa, na kila mapipa yanapoanza kutokota nakumbuka kwamba nilicheka, na najichukia upya.

Nilikata vipande vitatu vya mkate kabla sijagundua kwamba mbinja imekoma. Nikaita. Nikaita tena, kwa sauti ya mtu anayejifanya hana wasiwasi. Mama Vilma aliweka mwiko chini polepole, akaufunga mshumaa kwenye fimbo ndefu, akauingiza mlangoni. Ulipofika usawa wa kiuno ulizimika. Hapo ndipo nilipokimbia, na hapo ndipo aliponikamata.

"Dezső!" alimpigia kelele jirani aliyekuwa mteremkoni. "Kamba! Dezső, leta kamba!"

Nilipigana naye. Nilimwambia maneno ambayo mkwe hamwambii mama wa mumewe. "Mama gani wewe? Humpendi! Unamwacha afe!" Nikamng'ata mkono, nikamng'ata kwelikweli, mpaka nikaonja damu. Midomo yake ilikuwa ikimwita mwanawe bila kutoa sauti. Lakini ule mkono haukuachia.

Dezső alifika baada ya dakika mbili, labda tatu. Sijawahi kungoja muda mrefu kama ule, hata leba yangu ilikuwa fupi. Alijifunga kamba kifuani, akatutupia ncha.

"Nikianguka, vuteni. Asinifuate mtu, mmenisikia?"

Akajaza pumzi, akazama ndani. Mama Vilma aliniachia kwa sababu kamba ilihitaji mikono yote. Dezső akatoka kinyumenyume akimburura Lőrinc kwa makwapa, uso wa mume wangu ukiwa na rangi ya zambarau. Tulimpiga mgongoni, tukambonyeza kifua, tukamlilia. Mwishowe akakohoa, akatapika, akauliza kwa nini nywele zangu zimevurugika.

Jioni Dezső alinikuta kisimani. "Usimkasirikie," aliniambia. "Alipokuwa msichana, baba yake aliingia kwenye handaki lao. Kaka yake akamfuata baba. Mama yake akamfuata kaka. Yeye alipona kwa sababu alikuwa mbali anafunga mbuzi."

Wiki nzima sikuweza kumtazama usoni. Jumapili tuliketi jikoni, sisi wawili, tunamenya matufaha ya kukausha. Kitambaa kilikuwa bado kimefungwa mkononi mwake, na hakumweleza mtu yeyote alikokipata kidonda kile, hata mwanawe alipouliza. Nilimenya tufaha la nne au la tano ndipo nikapata ujasiri.

"Mama, kama Dezső asingekuwa nyumbani siku ile?"

Hakuinua macho. Alimaliza tufaha lake, akalitoa mbegu, akalikata vipande.

"Ningeendelea kukushika," alisema.

Niliinamisha kichwa ili asione machozi, lakini aliyaona. Akanisogezea beseni.

"Menya, mwanangu. Yanageuka rangi haya."