Siku Kumi na Tisa Bila Kuzima

Ti. Kimya. Ti. Kimya tena.

Sauti hiyo ndogo iliniamsha kabla ya jogoo. Ilikuwa inveta yetu, kile kisanduku cheusi chini ya meza kinachovuta umeme kwenye betri ya gari na kuilisha kompyuta ya mjukuu wangu. Ikilia hivyo, betri imechoka. Nililala bila kujigeuza, nikisikiliza. Mara ikalia mfululizo, feni ya kompyuta ikapunguza pumzi, na chumba kikanyamaza.

Mjukuu wangu Cissy aliinuka kitandani kwake. "Jjajja, imekufa?"

"Imezimika," nikasema.

Hakulia. Afadhali angelia. Alikaa gizani ameushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kama alivyozoea tangu ajali.

Niseme kwa nini kompyuta kuzimika kulikuwa msiba kwetu. Tulikuja Juba kutoka Kamuli, Uganda, baada ya amani kutiwa sahihi, tukapanga chumba Hai Mauna. Nusu ya chumba tulilala, nusu Cissy aliwachapia watu barua. Mwaka uliofuata ule wa kuhesabiwa watu, bodaboda ilimwangusha akitoka Gudele. Kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia vikakakamaa, havikunjiki. Herufi alijifunza kuzipiga kwa vidole vilivyobaki, wala si polepole. Shida ilikuwa mausi, ile ya kuendeshea mshale kwenye kioo, maana kazi yake karibu yote ni ya kidole cha shahada. Alijaribu kwa mkono wa kushoto wiki mbili. Mshale ukawa unakimbia kama kuku anayefukuzwa, akaacha. Ofisi mbili zilimwita kwa ajili ya kazi, zikautazama mkono, zikasema zitapiga simu.

Kisha akaja fundi mmoja, Loro, kurekebisha printa. Alimwona Cissy anavyohangaika, akatoa kwenye begi lake mausi iliyotumika, yenye kitufe kidogo ubavuni, pale dole gumba linapokaa. Akaandika mstari mmoja wa maneno na tarakimu kwenye kompyuta, na kuanzia hapo kitufe cha dole gumba kikafanya kazi ya kile cha shahada. Hakutaka malipo. Siku hiyo nilimsikia Cissy akicheka.

"Ila usizime," Loro alisema akifunga begi. "Ukizima, kalas, yamekwisha, imesahau."

Kesho yake akasafiri kwenda kwao Torit, na simu yake haikupatikana tena.

Basi hatukuzima. Mchana jenereta, usiku betri. Mimi nililitunza jambo hilo kama tulivyotunza moto nyumbani nilipokuwa msichana: jioni unalifunika kaa kwa majivu, alfajiri unalikuta hai. Siku kumi na tisa nilifanya hivyo. Lakini siku ya ishirini ilitukuta na betri isiyoshiba, kwa sababu jana yake jenereta ilikuwa inakohoa tangu adhuhuri.

Na siku yenyewe ndiyo hiyo. Mwalimu Kerubo, Mkenya, mkuu wa shule moja kule Hai Cinema, alikuwa ameleta mitihani iliyoandikwa kwa mkono ili Cissy aichape. Alikuwa amesema, "Nitakuja saa sita Ijumaa. Mkono siutazami, natazama karatasi. Zikiwa safi, wewe ndiye karani wangu." Maneno Cissy alikuwa amekwisha kuyachapa. Zilibaki pembetatu za hesabu na ramani ya jiografia, na hizo bila mausi hazichoreki.

Kwetu, mwanamke aliyezimikiwa moto hakukaa akautazama mkaa. Alichukua kigae akaenda kwa jirani kuomba kaa. Nikafunga leso yangu, nikatoka.

Jirani yetu ng'ambo ya uzio wa matete aliitwa Quinter. Ilisemekana bombani kwamba anaangalia kompyuta za shirika moja la afya, na kwamba anaringa. Miezi minne tulikuwa hatujapita "habari" na "nzuri". Nilimkuta amesimama mlangoni na kikombe cha chai, amekwisha kuvaa.

"Hodi, binti yangu. Nisamehe kwa mapema hii."

Aliweka kikombe chini haraka. "Ni mgonjwa, mama?"

"Mgonjwa gani?"

"Wa kwenu. Ile mashine inayolia alfajiri. Nilifikiri ni ya kumsaidia mtu kupumua. Leo imelia mfululizo, halafu kimya. Nimesimama hapa nikiogopa kuja kuuliza."

Nilimwambia ni kompyuta. Akanitazama.

"Kompyuta?"

"Ya mjukuu wangu."

"Mama, huyo mgonjwa nimemwombea karibu wiki tatu."

"Basi maombi yamefika," nikasema. "Ndiyo maana nimekuja."

Akacheka mpaka akashika nguzo ya mlango, na mimi nikacheka, na yale ya kuringa yakaniondoka yote. Nilimweleza habari ya Loro na mitihani. Hakuniacha nimalize. Alikuwa amekwisha kuvaa viatu.

Gari la shirika lilikuwa linafika. "Albino," alimwambia dereva, maana ndilo jina alilobatizwa, "wapigie simu ofisini uwaambie nitachelewa kwa saa moja."

"Nitawaambia gari limeharibika?"

"Waambie ukweli. Jirani yangu ana shida."

Albino hakukaa garini kupiga honi. Aliposikia jenereta yetu ikikohoa, alileta spana yake, akatoa plagi, akaikwangua kwa ubavu wa kiberiti, akaipuliza. Mvuto wa pili ikaunguruma. "Ilikuwa na mafua tu, haboba," akaniambia, maana hivyo ndivyo wanavyomwita bibi huku.

Ndani, kompyuta ilipowaka, Quinter hakuuliza mkono ulipatwa na nini. Alisema tu, "Nionyeshe unavyoishika." Cissy akaweka kiganja juu ya mausi, vidole viwili vimenyooka, dole gumba ubavuni. Quinter akatazama kwa utulivu kama fundi cherehani anayempima mtu. Kisha akabonyeza kila kitufe, akaona kompyuta inakiita namba gani, akaandika mstari.

"Jaribu."

Dole gumba likabonyeza. Mtihani ukafunguka.

Cissy alishusha pumzi. "Asante, auntie. Sasa tutaichunga isizimike tena."

"Hapana. Sasa ndiyo tunaanza. Huyo Loro hakuwadanganya, alifika nusu ya njia. Aliiambia kwa mdomo, na neno la mdomo hukaa mpaka mashine ilale. Sisi tutaiandikia, tuweke maandishi pale inapoyasoma yenyewe kila ikiamka."

Alimpisha Cissy kiti, akamwacha afanye mwenyewe. Mstari uleule ukaandikwa kwenye faili ndogo, na jina la faili hiyo likaingizwa katika orodha ya mambo ambayo mashine huyafanya inapoamka. Palipokosewa Quinter hakunyang'anya mausi. Alingoja. Halafu akamwambia aunakili mstari huo kwenye daftari la kawaida, kwa kalamu, "kwa maana kompyuta nayo ina siku yake ya kufa."

"Tamam," akasema. "Zima."

Cissy hakuweza. Aliutoa mkono mezani. "Jjajja, zima wewe."

Nikaenda. Siku kumi na tisa nimeulinda moto ule, sasa niuzime kwa kidole changu mwenyewe. Mlangoni Albino alivua kofia yake kama mtu aliyefika matangani. Nikabonyeza. Kioo kikawa cheusi.

Tukaiwasha. Feni ikaanza kuvuma. Ilichukua muda, nami sikujua nitazame kioo au uso wa mtoto, nikatazama uso. Mshale ulipotokea, Cissy aliweka dole gumba ubavuni, akabonyeza.

Mtihani ukafunguka.

Akaufunga, akaufungua tena. Kisha yeye mwenyewe, bila kuambiwa, akaizima na kuiwasha, na tena, na kila mara ikaamka ikilijua dole gumba lake.

"Sasa huyu amejua kuzima," Albino akasema, "mtaona taabu."

Mimi nilitoka nikakaa kwenye kigogo nje. Nilikuwa kama mtu aliyetua mzigo wa kuni na ndipo akajua ulivyokuwa mzito.

Mwalimu Kerubo alifika saa sita kasoro. Alizipeleka karatasi dirishani kwenye mwanga, akazipitia moja moja, akarudi kwenye ramani.

"Mto huu umeuchora wewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Umepinda kuliko wangu."

Cissy akainama kuutazama.

"Na ndivyo unavyopinda kweli. Jumatatu, saa moja na nusu. Sipendi wanaochelewa."

"Naweza kuja na mausi yangu?"

"Njoo hata na kiti chako," mwalimu akasema, "mradi uje."

Daftari lenye ule mstari Cissy alilitia kwenye mkoba wake siku hiyohiyo, ijapokuwa ilikuwa Ijumaa.

Jua lilipolegea, gari la shirika lilimrudisha Quinter. Nilimpelekea viazi vitamu na mchuzi wa karanga, nikamkuta amekaa peke yake kwenye ngazi, viatu pembeni. Nikampa habari ya mwalimu. Akapiga makofi mara moja, taratibu, kama anayeshukuru kanisani. Alikula vizuri. Nikaona chungu kimoja kidogo juu ya jiko lake, na sahani moja.

"Leo usiku mtaizima, Jjajja?" Jina hilo alilichukua kwa Cissy, wala sikumwambia aniite hivyo.

"Tutaizima. Tutalala."

"Nitaikosa ile sauti. Nilikuwa nikiisikia, najua kuna watu ng'ambo." Akafuta sahani kwa kiazi cha mwisho. "Kesho asubuhi ikiwa imesahau, uje uniambie."

"Na kama haikusahau?"

"Kama haikusahau," akasema, akinirudishia sahani kwa mikono miwili, "uje uniambie haikusahau."