Doa Lisilohama

Siku hiyo mpumbavu alikuwa fundi saa, na mwenyewe hakatai. Nafasi ilikuwa moja tu: mwaka mzima kwenye darubini kubwa ya chuo. Katika darasa zima la falaki waliobaki kuigombania walikuwa wawili, yeye na kaka wa mkewe, mpima viwanja. Ushemeji wao ulikuwa wa paka na panya, utani ulishaisha zamani.

Saa tatu asubuhi mwalimu aliyatandaza madaftari yao mezani. Kwa siku tisa kila mmoja alikuwa akiielekeza darubini yake kwenye jua, analiangusha kama picha juu ya karatasi nyeupe, kisha anachora madoa yake.

"Hili lenye mkia kama kiluwiluwi," fundi akajigamba, "nimelifuata siku zote tisa."

"Na halijasogea hata chembe?" Mpima viwanja akaangua kicheko. "Jua linajizungusha, shemeji! Madoa yake huhama kila siku. Au la kwako umeligongomea msumari?"

"Nimechora nilichokiona. Wewe kahamishe mipaka ya watu."

"Dada yangu nilimwonya mapema, basi tu masikio hana."

Mwalimu hakuwajali. Akaitega darubini ya fundi dirishani. Kiluwiluwi kikatokea palepale kwenye karatasi. Akakizungusha kioo cha kutazamia, doa nalo likazunguka. Akakifuta kwa pamba. Doa likatoweka.

"Grisi," akasema.

Masikio ya fundi yakawaka moto. Mtu anayekula kwa kutoa vumbi ndani ya saa za watu, leo kaumbuliwa na grisi ya kidole chake mwenyewe!

"Andika jina langu, Mwalimu, tukapumzike," mpima viwanja akasema. "Huyu hata uchafu wake haujui."

Mwalimu akashika kalamu. Fundi, kwa kukosa pa kuyaweka macho, akayaweka kwenye daftari la mwenzake. Kiluwiluwi kilekile, mkia uleule! Ila hiki siku ya pili kimesogea kidogo, ya tatu zaidi, mpaka ya tisa, mwendo wa kitabuni kabisa. Akakumbuka jioni ya siku ile ya kwanza ya kuchora, shemeji alipokuja "kumjulia hali dada" na kubaki sebuleni peke yake na daftari la fundi.

Akalisukuma daftari hilo la shemeji mbele ya mwalimu. Kalamu ikasimama.

"Kuna nini tena?" mpima viwanja akafoka. "La kwangu si linahama vizuri?"

"Grisi ni yangu, shemeji," fundi akasema. "Kwako ilifunzwa na nani kutembea?"