Kisanduku cha "Nitajilipia"

Pale kwenye maabara ya hospitali walimwita Mama Sahani, na si kwa sababu ya mapishi. Kwa miaka ishirini na mbili kazi yake ilikuwa kuotesha vijidudu vya wagonjwa kwenye visahani vyenye vifuniko, kuviwekea dawa, na asubuhi ya pili kuangalia dawa gani imeua na ipi imechezewa shere. Majibu aliyaandika kwenye madaftari makubwa, kwa alama alizojitungia mwenyewe, maana foleni ilikuwa ndefu na maneno yanakula muda.

Binti yake ndiye aliyeyapa madaftari hayo kazi ya pili. Kwa kibali cha mkuu wa maabara, na bila majina ya wagonjwa, aliyaingiza kwenye kompyuta ukurasa kwa ukurasa. Kisha akaandika programu ya kuonyesha usugu wa dawa ulianzia wapi na unaelekea wapi. Kwa kazi hiyo akaomba nafasi ya shahada ya uzamivu kwenye chuo kikuu cha mbali, kwa profesa anayechunguza vijidudu kwa kompyuta.

"Yaani utakuwa daktari asiyemgusa mgonjwa," mama alimtania.

"Nimekufuata wewe. Kwani na hizo sahani zako umeshamlisha nani?"

Fomu waliijaza Jumapili mchana. Binti alikuwa mezani na kompyuta yake, mama anapiga pasi makoti ya kazini. Mambo yalikwenda vizuri mpaka pale palipoulizwa masomo yatalipiwaje. Palikuwa na visanduku viwili: "Naomba ufadhili wa chuo" na "Nitajilipia".

"Hapa naweka ufadhili," binti akasema.

Mama akaisimamisha pasi. "Weka utajilipia."

"Mama! Tutalipa na nini?"

"Sikiliza. Mimi chuoni niliingia na karo ya muhula mmoja. Ningesema mlangoni kwamba sina, ningerudi nyumbani siku ileile. Nikaingia, nikanyamaza, nikawa wa kwanza darasani. Ndipo nikamwendea mhasibu nikamwambia sina kitu. Walinifukuza? Walinitafutia. Ile stashahada pale ukutani imepatikana hivyo. Ingia kwanza, shida zako utazisema ukiwa ndani."

"Kule si hivyo, nimesoma maelezo yao..."

"Mimi nilikuwa nasoma maelezo kabla hujazaliwa. Weka."

Binti alikuwa na miaka ishirini na sita na akili zake timamu. Lakini kila mlango aliowahi kupita, tangu shule ya chekechea, mama yake ndiye aliyeusukuma. Akaweka alama kwenye "Nitajilipia". Pasi ikaendelea.

Miezi minne baadaye simu ya maabara ikaita, ni binti: amepata nafasi. Mama Sahani alisikiliza, akavua glavu, akapiga ukelele hata mkuu wa maabara akatoka ofisini mbio.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu! Nimezaa daktari!"

Jioni hiyohiyo akamsimamia binti aandike barua kwa profesa: asante kwa nafasi, sasa tunaomba mtufikirie kwa ufadhili. Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Binti alilisoma, akafunga kompyuta. "Wanasema hela za mwaka huu zimekwisha," akasema, akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumamosi, binti alipokwenda sokoni, mama akaifungua kompyuta akaisoma barua mwenyewe. Hakuona haya, barua ya mwanawe ni yake. Aliisoma kama anavyosoma sahani, kuanzia pembeni kwenda katikati, polepole.

Profesa aliandika kwamba ombi la binti ndilo lililokuwa bora kuliko yote. Alikuwa na ufadhili wa mtu mmoja tu, wa miaka minne, na taratibu za chuo hazikumruhusu kumpa mtu aliyesema atajilipia. Alipoona binti atajilipia alifurahi, akidhani sasa atapata wanafunzi wawili. Ufadhili akampa aliyefuata, naye ameshasaini. Nafasi nyingine kama hiyo ingekuja baada ya miaka minne. Mwishoni, kwa aibu, aliuliza kama mwanafunzi huyo aliyepewa ufadhili angeweza kutumia yale madaftari. Angeelewa wakikataa.

Binti aliingia na kikapu akamkuta mama bado amekaa mbele ya kompyuta.

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini?"

"Kwamba ni mimi."

"Aliyeweka alama ni mimi, mama."

"Kwa mdomo wangu." Akainuka, akakaa tena. "Tuuze kiwanja."

"Kiwanja kinatufikisha nusu mwaka. Nimeshapiga hesabu."

"Basi niandike mimi. Nimweleze huyo profesa kosa ni la mama mtu."

"Mwenzangu ameshasaini, mama. Unataka wamtoe?"

Mama Sahani akaitazama stashahada yake ukutani. Siku zote aliamini kuwa aliye ndani hatolewi.

Binti akaanza kutoa nyanya kwenye kikapu, moja moja. "Jumatatu naanza kazi ofisi za bima. Kuingiza takwimu. Nitaomba vyuo vingine, usijali." Alisema "usijali" kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka. "Kuhusu madaftari sijamjibu. Hospitali haina neno, lakini ni kazi ya mikono yako. Ukisema wasipewe, hawapewi."

Mama alitamani kusema wasipewe. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Kisha akaziona sahani zinazomngoja Jumatatu, na wenye nazo kule wodini.

"Wape. Jina lako liwe juu."

"Na lako."

"Langu la nini? Mimi nimeotesha tu."

"Basi nisaidie. Huyo mtu hazijui alama zako."

Binti akavuta kiti. Karibu alama zote alizijua kwa moyo, lakini aliuliza moja baada ya nyingine, na mama akajibu huku vidole vya binti vikiandika.

"Duara lenye nukta?"

"Dawa imeua."

"Duara tupu?"

"Dawa haikufua dafu."

"Mawimbi mawili?"

"Sahani imechafuka, rudia."

"Na hiki kistari cha pembeni?"

Mama akakitazama. Vilikuwa vingi, karibu kila ukurasa, na maana yake hakuwahi kuitamka kwa sauti.

"Majibu yametoka. Mwenyewe hakuyangoja."

Binti akaandika. Kisha akasema kwa sauti ndogo, bila kugeuka, "Maana ni ndefu, mama. Niifupishe, niandike 'amefariki'?"

"Usifupishe," akasema. "Andika kama ilivyo."