Ada Mpya ya Winchi

Mzee Elimringi alikuwa tayari kuamini chochote kutoka kinywani mwa Penina, isipokuwa jambo moja: kwamba serikali imepandisha ada ya kukagua winchi mara tano kwa mpigo. Hilo hakulimeza.

Tusimlaumu haraka. Winchi ile, ya kupandishia zege na tofali kwenye majengo ya ghorofa, aliinunua kwa kiinua mgongo chake shirika la ujenzi la umma alikokuwa akifanya kazi lilipouzwa na yeye na wenzake wakapunguzwa kazini. Kwa sheria ya usalama wa mitambo ya ujenzi, kila mwaka ilipaswa kukaguliwa ipate cheti. Na kila mwaka mkaguzi wa zamani, bwana mmoja wa tumbo na tabasamu, alimwambia, "Mzee, ada imepanda." Elimringi alitoa, bwana akatia mfukoni, na cheti kikaandikwa palepale mezani bila mtu kuiona winchi yenyewe.

Sasa bwana yule amestaafu, na kiti chake amekalia Penina, mtoto wa dada yake Elimringi. Binti huyo alipofiwa na mama yake, Elimringi na mkewe Anande walimchukua kule Meru, wakauza kahawa, wakamsomesha mpaka chuo cha ufundi. Kwa hiyo siku ya kulipia ukaguzi wa mwaka huu mzee alikwenda ofisini anapiga mluzi.

Kulikuwa na foleni mlangoni. Penina aliinuka, akafunga mlango, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Shikamoo mjomba. Samahani sana, ada imepanda. Sheria ni ileile, jedwali la ada ndilo lililobadilishwa."

Mlango! Maskini wa Mungu, aliufunga kwa sababu alimjua mjomba wake, akaona heri mzee alalamike bila watu wa foleni kumsikia. Lakini Elimringi angejuaje? Hakulalamika hata kidogo. Alitoa pesa za mbolea, akaziweka mezani, akageuka.

"Subiri risiti, mjomba."

"Risiti ya nini? Baki nayo, mama."

Nyumbani kwake, mtaa wa Elerai, mzee alimwambia Anande kwamba wamelea mla rushwa. Anande akamwambia aache upuuzi. Sukari imepanda, nauli imepanda, karo imepanda, ada ya winchi ina nini hata isipande?

"Ingekuwa ya kweli angeitaja mlango ukiwa wazi," mzee alisema, akasukuma sahani yake pembeni. Pesa hazikumuuma hivyo, pesa hutafutwa. Aliumia kwa sababu alikuwa akijivunia mtoto yule kuliko kitu chochote alichowahi kupata, na sasa hakujua amtazameje.

Ukaguzi uliwekwa Ijumaa. Siku hiyohiyo mkandarasi Prosper alikuwa aje na lori kuichukua winchi kwenda Njiro, anakojenga nyumba ya ghorofa. Ilikuwa kazi ya miezi, ya kwanza tangu Krismasi, na ukiikosa inachukuliwa na mwingine.

Penina alifika kwenye uwanja wa mjomba wake amevaa ovaroli. Mzee aliitikia shikamoo yake akitazama mgomba wa jirani.

"Nikuletee kiti uandike hicho cheti?"

"Bado, mjomba. Naomba uiwashe kwanza."

Aliiwasha, akishangaa. Penina alijaribu breki, akanyanyua mzigo wa mawe na kuuacha unaning'inia, akaushusha. Kisha akatoa kipande cha kitambaa cha pamba, akakizungushia kwenye waya wa chuma unaobeba mzigo, akakivuta taratibu. Kikanasa. Akavuta tena mbele kidogo, kikanasa tena. Nyuzi za waya zilikuwa zimekatika, zikachomoza ncha ndogo ambazo mzee hakuwahi kuziona.

Penina alisimama ameushika ule waya, machozi yakimlengalenga.

"Mjomba, siwezi kukupa cheti. Huu utakatika, na mtu atakuwa amesimama chini yake. Ukiweka waya mpya nitarudi, na hutalipa tena. Habari ya Njiro naijua. Nisamehe."

"Lakini nimeshalipa!"

"Umelipia kukaguliwa, mjomba. Nimekagua."

Elimringi alikaa juu ya rundo la tofali. Amelipa, na bado ananyimwa. Yule bwana wa tumbo, ukishampa chake, angeipitisha hata winchi isiyo na breki. Mzee alimtazama mpwa wake kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ofisini. Kazi ya Njiro ilikuwa imekwenda, hilo aliliona wazi, na pesa ya waya mpya hakuwa nayo. Hata hivyo alianza kucheka, akijifuta macho kwa mkono wa grisi, mpaka Penina akaogopa.

Hapo lori likaingia, Prosper akaruka chini.

"Vipi mzee, tupakie?"

"Imekataliwa."

"Imekataliwa? Si umesema mkaguzi ni mpwa wako? Ungempa kitu kidogo!"

Elimringi aliinuka, akapaza sauti hata majirani wakachungulia juu ya ua.

"Nilidhani nimempa! Nimekaa wiki nzima nikidhani nimempa!" Akamshika Penina bega na kumsogeza mbele ya mkandarasi. "Mtazame vizuri, bwana. Huyu nimemlea mimi."